Mwari wa Mkiani

Ndege ilipokataa kushuka mara ya kwanza, Kapteni Batista Komba alidhani ni upepo. Mara ya pili akaulaumu mkono wake. Mara ya tatu hakulaumu chochote. Alibonyeza kitufe cha kipaza sauti, akamwita fundi Mwantumu Shemhilu aje mbele, na akamalizia kwa "tafadhali" iliyotoka nyembamba mno. Abiria wote waliisikia.

Mwantumu alikuwa kiti cha mwisho kabisa, jirani na mlango mdogo wa kuingilia mkiani, maana kazi yake ilikuwa huko. Mwanamke wa makamo, mfupi, mikono mipana, mtu wa Tanga asiyependa kuharakishwa. Leo aliharakisha. Alipita katikati ya viti akijishika huku na kule, na kila aliyempita alimkodolea macho apate habari usoni mwake. Hawakupata kitu. Lakini moyoni alikuwa ameshahisi, tangu walipotikiswa na ile dhoruba juu ya Mahenge, kwamba mtoto wake wa mkiani hayuko sawa.

"Dada Mwantumu," Komba alisema bila kugeuza shingo, "mwari wako amenigomea."

"Amegomaje?"

"Nikisukuma usukani, anavuta. Nikipunguza nguvu za mota tuanze kuteremka, pua ikiinama kidogo tu, anavuta tena, na safari hii kwa nguvu. Songea iko hapo chini, nimeizunguka mpaka nimechoka."

"Na ukimwacha?"

"Nikimwacha tunakwenda vizuri, hana hili wala lile. Ni kushuka tu ndiko hataki."

Mwantumu alichungulia dirishani. Mawingu yalikuwa yametanda chini yao meupe kabisa, na milima ya Matogoro imetoa vichwa tu. Kisha akaangalia mshale wa betri. Ulikuwa umeshaingia kwenye njano.

Sasa, ili jambo hili lieleweke. Ndege yoyote, ya zamani na ya sasa, ina bawa dogo mkiani, na nyuma ya bawa hilo kuna mabapa mawili, moja kushoto na moja kulia, yamefungwa kwa bawaba kama mlango. Hayo ndiyo eleveta. Rubani akivuta usukani, mabapa yanainuka, upepo unayakandamiza, mkia unazama na pua inapanda. Akisukuma, mabapa yanalala, mkia unanyanyuka na pua inainama. Basi, hakuna uchawi. Mabapa yote mawili yameungwa kwa bomba moja la chuma yasije yakabishana, na ukingoni mwa kila bapa kuna kibapa kidogo, trimu, cha kumpunguzia rubani uzito mkononi. Zamani kazi ya kuyavuta ilifanywa na waya za chuma, halafu yakaja mafuta yenye shinikizo ndani ya mabomba. Katika zama hizi za akina Mwantumu, kazi hiyo ilifanywa na nyama.

Nyama kwelikweli. Msuli uliokuzwa ndani ya tangi, wenye mishipa yake ya fahamu, unaoishi kwa maji ya chumvi na sukari. Fungu moja la kuinua mabapa, fungu jingine la kuyalaza, kama ulivyo mkono wako ukiukunja na kuunyoosha. Ni mwepesi, hauli kutu, ukichanika kidogo unajiunga wenyewe. Tena unajifunza, na hapo ndipo ilipo neema yake na ndipo ulipo msiba wake.

Hangari nyingine zilimtoa msuli tangini, zikamfunga kiboko, yaani kifaa cha umeme cha kumtia maumivu, na baada ya muda akawa anatii. Wanawake wa hangari ya Tanga walikataa upuuzi huo. Wao walichukua njia waliyoikuta kwa mama zao. Mwari hapigwi, mwari huwekwa ndani na kupewa somo wa kumfunda. Kwa hiyo walikata ukanda mdogo kutoka kwa msuli mzee aliyeruka vizuri maisha yake yote, wakamshonea msuli mpya ubavuni. Mishipa ya mzee ikakutana na ya kijana. Kijana alipotoka ndani alikuwa anaujua upepo kana kwamba amezaliwa nao, na ndege za Tanga zikawa zinaruka laini kuliko za watu wote.

Mwari wa ndege hii aliitwa Mwajabu. Mwantumu ndiye aliyemshona.

* * *

"Tuwasogeze watu mbele," Mwantumu alisema. "Uzito ukihamia puani, ndege itainama yenyewe. Labda akiona hakuna mtu anayemlazimisha atalegea."

Komba aliwatangazia abiria kwa maneno ya upole. Hakuna aliyenyanyuka. Watu wakiwa na hofu hushikamana na kiti walichokilipia. Aliyewatoa ni mama mmoja mnene wa Kingoni, Mama Haule, aliyekuwa amesafiri na mjukuu wake wa kike.

"Inukeni basi, mnangoja kubebwa?" aliwafokea. "Mnaambiwa mbele panahitaji uzito. Mimi peke yangu ni nusu ya kazi, nyie mnashindwa hiyo nusu nyingine?"

Wawili watatu wakacheka, na kicheko kikawafungua. Walijisogeza wote, wakajibana kwenye viti vya mbele na kwenye ujia, wazee wakipakatwa na watu wasiowajua. Pua ikaanza kuinama. Pole pole, vizuri kabisa. Komba akapunguza mota kidogo, akatoa pumzi.

Ndipo Mwajabu akavuta. Hakuvuta kama mashine iliyokwama. Alivuta kama mtu aliyeteleza ukingoni mwa shimo akakamata tawi. Pua ikarushwa juu, abiria wakaporomoka wote kurudi nyuma, mwendo ukakatika, mabawa yakaanza kutetemeka kwa kukosa hewa ya kuyabeba, na honi ya hatari ikalia chumbani kwa rubani. Komba alisukuma mota mpaka mwisho. Ndege ilining'inia pale kwa muda ambao hakuna aliyependa kuukumbuka baadaye, kisha ikakaa sawa.

Mwantumu alijiokota sakafuni. Mdomo ulikuwa unavuja damu na hakuutambua. Alikuwa amekwisha kuelewa, na afadhali asingeelewa.

"Hajakwama, Kapteni," alisema. "Anaogopa."

* * *

Redioni alikuwepo Injinia Rweyongeza, mkuu wa matengenezo wa shirika, ambaye siku hiyo alikuwa Songea kukagua kituo kipya. Alikuwa mtu wa haraka na wa maneno machache, na hakuwa mtu mbaya. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Bi Mwantumu, msuli umekaza?"

"Mwajabu anaogopa kushuka, Injinia. Somo wake alikuwa Kirembo."

Nani asiyemjua Kirembo? Huyo ndiye msuli aliyeokoa ndege iliyovutwa na upepo wa kushuka juu ya Usambara, rubani amegonga kichwa na kuzimia, hakuna mkono kwenye usukani. Kirembo alivuta mwenyewe, bila amri ya mtu, na ndege ikapita juu ya mashamba ya chai kwa kimo cha kuangusha kofia. Hangari nzima ililia kwa furaha. Kirembo alipozeeka, wakaona hakuna anayestahili usomo kuliko yeye, na kila mwari wa Tanga akashonewa ukanda wake.

"Tulidhani tunawapa ushujaa," Mwantumu alisema. "Yule alitoka kule na hofu, Injinia. Alichojifunza ni kwamba chini kuna kifo na kuvuta ndiyo pona yako. Akamfunda mwenzake hivyo hivyo. Siku za hewa tulivu haionekani. Leo dhoruba ya Mahenge imeiamsha."

"Ukikata fungu la kuinua?"

"Tutashuka. Lakini hatutakuwa na cha kuinulia pua kabla ya ardhi. Tutaingia ardhini kichwa kwanza."

"Na ukimwua?"

"Msuli ukifa unakakamaa. Mabapa yatabaki yalivyo."

Kikohozi kilisikika redioni, halafu maneno ambayo wote wawili walikuwa wanayangoja. "Basi kipo kiboko. Sheria inataka kila ndege iwe nacho, na huko mkiani kipo. Vunja lakiri."

Wanawake wa Tanga walikuwa wamekifunga kifaa hicho kwa lakiri nyekundu na kula yamini kwamba hakuna mkono wao utakaokigusa. Yeye ndiye aliyekwenda kusimama mbele ya tume ya serikali, mbele ya wanasheria na wakurugenzi, akaulizwa kama msuli unasikia maumivu. Akawajibu, "Sijui. Na kwa kuwa sijui, sipigi." Wakurugenzi walikasirika sana. Ila ndege za Tanga zilikuwa haziharibiki, basi wakameza hasira zao.

"Nitajaribu kumbembeleza kwanza," alimjibu Injinia.

"Betri, dada," Komba alimkumbusha.

* * *

Chumba cha mkiani kilikuwa kifupi, mtu hawezi kusimama, baridi inaingia hadi mifupani. Mwajabu alilala ndani ya kifuko kinachopitisha mwanga, mwekundu mpauko, mnene kama paja la mtu mzima, kamba zake za kano zikiingia kwenye mkono wa chuma unaozungusha lile bomba la mabapa. Palikuwa na sehemu moja laini kwenye kifuko, ya kupimia joto. Mwantumu alizoea kuweka kiganja hapo kila asubuhi. Mwajabu alikuwa na tabia ya kujikusanya taratibu kuelekea joto la mkono, na mafundi wageni wakiona hivyo walishtuka, na Mwantumu aliwacheka.

Leo aliweka kiganja akakuta gogo. Mwajabu alikuwa amejikaza mwili mzima na anatetemeka chini chini.

"Mimi hapa," Mwantumu alisema. "Mimi hapa, mwanangu. Nani amekutisha hivi?"

Alimwongezea sukari, akampasha maji joto, akaanza kumkanda kwa ncha za vidole kama anavyokandwa mtoto mwenye homa. Alimsemesha. Alimwambia mambo ya hangarini, nani ameolewa, nani amegombana na nani, upuuzi mtupu, ili sauti tu isikatike. Wallahi kama kuna mtu angemwona angesema mama huyu ameingiwa na wazimu. Kidogo kidogo lile gogo likaanza kuwa nyama.

"Anaachia," Komba alisema ndani ya visikizio. "Dada, anaachia. Endelea hivyo hivyo."

Pua iliinama. Mwantumu aliuhisi mkia ukinyanyuka chini ya magoti yake. Waliteremka, wakagusa mawingu, wakazama ndani yake, na kote kukawa kijivu. Alianza kuamini. Alisema, "Ndivyo, mama, ndivyo," na machozi yalikuwa yanamtoka.

Kisha ndege ikatumbukia kwenye shimo la hewa, dogo tu, lile ambalo abiria wa siku zote hata gazeti haliweki chini. Mwajabu alivuta. Bomba la chuma lilipiga kelele, honi ikalia, bawa la kushoto likadondoka, na Mwantumu akarushwa dhidi ya mbavu za ndege akapoteza pumzi. Alisikia abiria wakilia nyuma ya mlango. Alimsikia Komba akimwomba Mungu kwa Kingoni, huku mota zikinguruma kwa nguvu zote, na ndege ikapanda tena, ikatoka juu ya mawingu kwenye jua zuri lisilo na faida yoyote.

"Mshale uko kwenye nyekundu," Komba alisema. "Nguvu iliyobaki ni ya kushuka mara moja tu. Tukikosa, mota zitazima hewani, pua itaanguka, naye atavuta mpaka tuporomoke kama jiwe. Mimi sikupangii, dada. Nakwambia tu ilivyo."

Mlango mdogo ulifunguliwa. Mama Haule alikuwa amepiga magoti, kitenge kimemvuka, jasho linamtiririka.

"Mwenzangu," alisema, "tunakufa?"

"Bado."

"Kuna la kufanya?"

"Lipo."

"Sasa mbona hulifanyi?"

Mwantumu alimwonyesha kifuko kwa kidevu. "Nitamwumiza huyu. Sijui anasikia kiasi gani. Nimemlea mwenyewe."

Mama Haule alimtazama Mwajabu kwa muda. Hakucheka wala hakutema mate, kama wengi walivyofanya wakimwona mara ya kwanza. "Mjukuu wangu yuko pale mbele ametapika mpaka hana cha kutapika," alisema. "Ananiuliza mama yake atakuja kutupokea au la. Umiza, mwenzangu. Dhambi yake tutagawana."

Dhambi haigawanywi hivyo, na Mwantumu alilijua hilo. Hata hivyo alimshukuru kwa kichwa. Akapiga moyo konde, akaingiza ukucha chini ya lakiri nyekundu, akaing'oa.

* * *

Kiboko kilikuwa kitufe cheusi, kidogo, kisicho na maandishi. Namna ya kukitumia kila fundi aliijua, hata asiyekusudia kukitumia. Mpige anapofanya usichotaka, acha mara moja anapoacha. Usimpige ovyo, hatajua kosa lake.

"Tunashuka," alisema Komba.

Pua iliinama na Mwajabu akavuta. Mwantumu akabonyeza.

Msuli hauna mdomo. Hilo watu wengi huliona ni nafuu. Mwajabu alijikunja mzima, akajinyonga ndani ya kifuko, maji yakatibuka, kisha akaachia. Mwantumu akaondoa kidole. Mabapa yakalala. Waliteremka kidogo, naye akavuta tena, akapigwa tena. Mwantumu alikuwa analia kwa sauti na hakujizuia, huku kiganja chake cha kushoto kikiwa pale pale palipo laini, maana hakutaka apigwe na mtu asiyemwekea mkono.

Wakaingia mawinguni. Likaja lile shimo la hewa. Mwajabu alijikusanya avute, ikawa kama amekumbuka, akabaki katikati anatetemeka, hajui ni upi mbaya zaidi, kuanguka au kupigwa. Mwantumu alibonyeza kidogo tu. Mwajabu akaachia kabisa.

"Ametulia," Komba alisema. "Anafuata usukani. Mwendo mzuri. Naona mji, naona uwanja."

Aliposikia hivyo, Mwantumu alikumbuka jambo ambalo alikuwa amelisukumia mbali. Ndege haitui kwa kushuka tu. Kabla ya magurudumu kugusa, rubani lazima avute, mabapa yainuke, pua ipande kidogo, ndege ijilaze ardhini. Asipovuta, inajipigiza pua.

"Kapteni," aliita, "ukivuta huenda asivute."

"Lazima avute."

"Ndicho nilichompigia muda wote huu, kuvuta."

Ardhi ilikuwa inawajia. Mwantumu aliiona kupitia kijidirisha cha ukaguzi, mabati ya nyumba, miti ya mikaratusi, barabara iliyolowa mvua.

"Navuta," Komba alisema. "Dada, navuta. Hafanyi kitu."

"Vuta, mwanangu," Mwantumu alimwambia Mwajabu, akimkanda kwa kiganja. "Sasa vuta, ni halali yako, vuta." Mwajabu alilala kimya kama kitambaa kilicholoa. Alikuwa amefundwa vizuri mno.

Mwantumu akabonyeza. Safari hii hakumpiga kwa kuvuta. Alimpiga kwa kutovuta, kitu kile kile alichokuwa amemwamuru dakika chache zilizopita, na aliendelea kukandamiza kidole huku kiumbe kile kikijinyonga upande huu na upande ule kikitafuta kosa lake liko wapi. Kilijaribu kuachia zaidi, maumivu hayakuisha. Kikajaribu kukaa kimya, hayakuisha. Mwisho kikafuata usukani, kikavuta kama Komba alivyotaka, si zaidi si pungufu, na Mwantumu akatoa kidole.

Magurudumu yaligonga, yakaruka, yakagonga tena, yakakaa.

* * *

Mvua ilikuwa inanyesha uwanjani na hakuna aliyeikimbia. Watu walipiga magoti kwenye lami, wengine walikumbatiana na wageni wenzao. Mama Haule alimshika Mwantumu akambana kifuani, kisha akaenda zake na mjukuu mgongoni. Wote wazima. Hilo lisemwe wazi, maana ndilo lililokuwa rehani, na lilikombolewa.

Ndege ilikokotwa hadi hangarini. Rweyongeza alimpa Mwantumu mikono yote miwili, macho mekundu. Halafu kazi ikamrudia kichwani. Alimwomba Komba apande ajaribu usukani. Mabapa yaliinuka na kulala papo hapo, bila kusita hata punje, laini kuliko eleveta yoyote aliyowahi kuiona.

"Bi Mwantumu," alisema polepole, "Tanga kuna ndege tatu. Zote zimeshonewa Kirembo."

"Najua."

"Ina maana zote zina hofu hii. Siwezi kuziacha ziruke. Lakini huyu imemtoka. Kata ukanda wake, mshone kwa hao wengine awe somo wao. Hakuna atakayehitaji kupigwa tena, wala leo wala kesho. Si ndicho ulichokuwa ukikipigania? Amepigwa mmoja, basi."

Ubaya wake ni kwamba maneno yalikuwa na akili. Mwantumu aliyageuza upande huu na ule, naye alikuwa mchovu, na kwa muda kidogo alitaka yawe kweli. Mkono wake ulikwisha kugusa kisu cha kukatia.

"Kapteni," alisema kwa Komba aliyekuwa bado chumbani juu, "sukuma mpaka mwisho. Ukifika mwisho, endelea."

"Nitachana kitu, dada."

"Msuli wowote wa Tanga hulegea mwenyewe bawaba ikielemewa. Hukataa. Sukuma."

Komba alisukuma. Mabapa yalifika kwenye kizuizi, na Mwajabu hakulegea. Alizidi kuyalaza dhidi ya chuma, nyuzi zake zikianza kukatika moja moja ndani ya kifuko, maji yakageuka mekundu, na hakukataa.

"Inatosha," Mwantumu alisema. "Umeona, Injinia? Siku rubani alipozimia, Kirembo alivuta. Huyu atawapeleka watu ardhini kwa adabu zote."

Rweyongeza alifuta uso. "Marubani hawazimii kila siku. Hofu hii ingeua watu leo." Halafu, bila ukali, "Kata. Usipokata wewe nitamwita fundi mwingine, na huyo hatamwekea mkono."

"Nitafanya. Nipeni nafasi."

Wakatoka. Komba akaufunga mlango.

Mwantumu aliingia mkiani akaketi. Hakuchukua kisu; msuli mfu hauwezi kuwa somo. Alitafuta vali ya maji ya sukari, ile ya chini, akaifungua, na maji mekundu yakaanza kumwagika sakafuni. Msuli ukikatiwa maji hujua. Aliwahi kuwaona misuli wazee waliomaliza kazi yao, namna walivyokuwa wakipigana mwishoni, wakivuta kwa nguvu zote kuelekea popote palipo na unyevu, na Kirembo alikuwa amepigana kuliko wote, mpaka mabapa yakapigapiga hangarini na watu wakatoka nje.

Aliweka kiganja palipo laini, akangoja. Alikuwa amekata shauri kwamba akivuta, hata mara moja, hata kidogo, ataifunga vali, atamficha, atamkimbiza Tanga, liwalo na liwe. Alimwomba kwa jina lake. Alimwambia avute. Maji yalizidi kupungua na kifuko kikanywea polepole mkononi mwake. Mwajabu alikuwa anangoja amri, na usukanini hapakuwa na mtu.